Futi Sitini na Nne

Tarehe tisa Aprili, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nyuma ya jiko la mama mdogo nikichambua maharage ya wachimbaji, baba mdogo alipotokea mlangoni. Hakuwa mtu wa kuja jikoni. Katika ukoo wetu mwanaume mwenye heshima zake hungoja chakula kimfuate, na katika mwezi mmoja niliokaa kwake nilikuwa nimezoea kumwona kwa mbali tu, viatu vyake vya mpira vikiwa vimejaa tope la machimboni.

“Kile kidude chako cha kupimia pembe, ulikuja nacho?” aliniuliza.

“Kipo sandukuni, baba. Pamoja na kitabu cha majedwali.”

“Basi acha maharage. Wazee wanakutaka.”

Mama mdogo aliinua uso kutoka kwenye sufuria. “Wazee wanamtaka msichana? Wa nini?”

“Wa hesabu.”

“Na haya maharage?”

“Maharage hayana kesi,” alisema, akaondoka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri matokeo. Nilisomea fizikia, kemia na hisabati katika shule ya wasichana, na katika hisabati ya juu tulianza darasa la wasichana kumi na wawili tukamaliza saba, wengine wakiwa wamehamia masomo ambayo walimu waliyaita mepesi, ingawa sijawahi kuona somo jepesi. Nyumbani kwetu ni Nyanungu, ambako baba yangu alifuga na kulima. Ada ya miaka ile miwili ya mwisho aliilipa mdogo wake, huyu baba mdogo, kwa dhahabu ya duara lake. Sikuisahau habari hiyo hata siku moja, na siku ile ya Aprili nilikwenda nayo kwa wazee kama mtu anavyokwenda na kivuli chake.

Kilima chenyewe sitakitaja. Wengi wa waliohusika wangali hai, na wengine ni ndugu zangu. Kilikuwa kilima cha mbuzi mpaka ilipopatikana dhahabu, na baada ya hapo watu walimiminika kutoka Serengeti, Shinyanga na ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ambako wengi wetu tuna shangazi na wajomba. Mwalimu aliyenifundisha darasa la nne aliacha chaki akashika moko, yaani patasi ndefu ya kupasulia mwamba. Shimo la kuchimbia lilikuwa na jina lake, duara, na mwenye duara alikuwa mtu wa kuamkiwa hata na waliomzidi umri.

Jirani wa baba mdogo pale kilimani alikuwa mwanamke. Alitoka Busawe, wilaya ya Serengeti, na duara aliachiwa na marehemu mumewe likiwa bado halijafika popote. Ndugu wa mume walimshauri aliuze, akakataa, akaweka vijana wa kuchimba na akakaa juu miaka mitatu akiwapikia na kuwasimamia. Ndani ya duara lile hakuwahi kuingia. Wakati ule iliaminika kwamba mwanamke akishuka, dhahabu hukimbia, na hata yeye mwenye mali hakuthubutu. “Mimi duara langu ni kama tumbo langu,” alikuwa akisema. “Ninalilisha tu, sijui lina nini.” Watu walimwita mama wa Busawe, na mimi nilimwamkia kila asubuhi nilipopita na ndoo ya maji.

Wiki ile vijana wake na wa baba mdogo walikuwa wametobozana. Walikuwa wakichimba kila upande kwa njia yake, wote wakifuata mkanda mmoja wa mawe yenye dhahabu, mpaka patasi za upande mmoja zikatokea upande wa pili na wanaume wakaonana uso kwa uso chini ya ardhi. Na palepale walipokutana ndipo mkanda ulipokuwa mnene kuliko kokote.

Sheria ya kilima haikuandikwa mahali popote, lakini kila mtu aliijua. Mipaka ilipigwa juu, kwa vigingi, na mpaka wa juu ndio uliokuwa mpaka wa chini hata mtu akichimba mpaka kuzimu. Wawili wakitobozana, yule aliyevuka mpaka huziba njia yake, na mawe yote ya mahali pale huwa ya mwenzake. Baba mdogo alikuwa na njia tatu ndani ya duara lake. Kama ni yeye aliyevuka, angepoteza moja. Mama wa Busawe alikuwa na njia hiyo moja tu. Kama ni yeye, basi miaka yake mitatu ilikuwa imekwisha.

Wazee waliitisha ritongo, kikao chetu cha jadi cha kuamua mambo ya jamii. Kilikaa karibu na karasha, mashine ya kusagia mawe, nayo ilizimwa ili watu wasikilizane. Wanawake hawaketi kwenye ritongo. Mimi na mama wa Busawe tulisimama pembeni, yeye kwa sababu ya kesi yake, mimi kwa sababu ya kidude changu cha plastiki, na kwa sababu baba mdogo alikuwa amejisifu mbele ya watu kwamba ana mtoto anayeweza kujua mahali chini ya ardhi bila kufika.

“Yaani mtoto wa kike ndiye atueleze chini kuna nini, na chini hajawahi kufika?” alisema mchimbaji mmoja mwenye sauti kubwa.

“Mura, hata wewe mbinguni hujafika,” mama wa Busawe alimjibu, akimwita kijana kwa lugha ya nyumbani, “na kila Sabato unatueleza kulivyo.”

Watu walicheka, hata wazee. Nimeyafikiria sana maneno yale baadaye. Katika mkutano mzima aliyenitetea alikuwa yeye.

Mzee aliyeongoza kikao aliniambia nieleze ninachotaka kufanya. Kijana mmoja wa ukoo wetu akasogea ili anisemee, kama desturi ilivyotaka, mzee akamrudisha. “Aseme mwenyewe. Wewe ukizikosea hesabu njiani tutamuuliza nani?”

Nilieleza. Duara la mama wa Busawe lilishuka kwanza wima kama kisima, kisha likainama na kwenda moja kwa moja, bila kupinda, kuelekea kwa baba mdogo. Njia za baba mdogo zilipinda mara mbili mbili, kwa hiyo ilikuwa busara kupima kwa upande wa mama. Juu ya ardhi, kutoka mdomo wa duara lake hadi kwenye vigingi vya mpaka palikuwa na futi arobaini na saba, na jambo hilo halikuwa na ubishi, kwa kuwa fundi seremala alikuwa amepima mbele ya wote kwa futikamba yake ya chuma. Ikiwa nitapewa urefu wa njia iliyoinama mpaka pale walipotobozana, na pembe ya mwinamo wake, nitajua mwisho wa njia ile uko umbali gani kutoka mdomoni ukipimwa kwa usawa wa juu. Ukizidi arobaini na saba, mama amevuka. Ukipungua, baba mdogo ndiye aliyevuka.

Nilisema haya kwa utulivu ambao sasa unanishangaza. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, ya kidato cha nne. Shuleni tulikuwa tumekwenda mbali zaidi: tulitafuta eneo chini ya mkunjo, tulifuata mwendo wa kitu kilichorushwa angani, tulicheza na namba ambazo mwalimu alikiri kwamba hazipo mahali popote ila katika akili. Na katika miaka yote ile, swali lilikuja likiwa limekwisha kupimwa. “Ngazi yenye urefu wa futi ishirini imeegemezwa ukutani.” Nani aliipima ngazi, kwa kitu gani, siku ya mvua au ya jua, hatukuuliza, na kama mmoja wetu angeuliza tungemwona anapoteza muda wa kipindi.

Ubishi ulizuka juu ya kamba. Futikamba ya fundi ilikuwa ya futi sita tu, haikufaa kutambaa nayo kipande kwa kipande gizani kwenye tope. Baba mdogo alikuwa na kamba ndefu ya katani iliyofungwa mafundo, ambayo vijana wake waliitumia kupimia kina.

“Kamba ya kwao, mafundo ya kwao,” alisema mpwa wa mama wa Busawe. “Futi yao ndogo au kubwa, sisi tutajuaje?”

“Unaniita mwizi?” baba mdogo alimuuliza.

“Nimeita kamba, mzee. Wewe sijakuita.”

Mzee wa kikao aliwanyamazisha, akaamua kwamba kamba zote za kilimani ziwekwe kando. Watu wawili, mmoja wa kila upande, waende dukani wakanunue kamba mpya, na fundi aifunge mafundo kwa futikamba yake, fundo moja kila futi, mbele ya macho ya wote. Uamuzi ule ulinifurahisha sana. Kwa mawazo yangu ya mwanafunzi, kamba mpya ilikuwa kamba isiyo na upande.

Ililetwa, ya katani, nyeupe, inanukia duka. Fundi alifunga mafundo yake saa nzima, na kila fundo la kumi akalitia kitambaa chekundu. Kisha wanaume wawili wakashuka, mmoja wa kila upande, wakiwa na tochi, na ile kamba, na kidude changu nilichokifunga uzi wenye kijiwe. Nilikuwa nimewafundisha kukishika juu ya ubao ulionyooka na kusoma pale uzi unapolala. Niliwaagiza wapime kila kitu mara tatu. Nilijivunia agizo lile. Mara zote tatu walipaza sauti ileile, mmoja akisema na mwenzake akithibitisha: kamba, futi sitini na nne, pembe, nyuzi arobaini.

Mama wa Busawe hakuwa na pampu ya kuvuta maji, na chini kwake maji yalichuruzika kutoka kila ukuta. Kamba ilipotolewa ilikuwa imelowa chapachapa, nzito kama mkia wa ng'ombe aliyevuka mto. Niliishika mwenyewe nikihakikisha mafundo hayajafunguka, halafu nikajifuta mikono kwenye kitenge.

Nilifungua majedwali. Kosaini ya nyuzi arobaini ni sifuri nukta saba sita sita. Nikazidisha kwa sitini na nne, nikapata arobaini na tisa na chembe ndogo. Nikazidisha tena. Nikatangaza: futi arobaini na tisa. Mama amevuka mpaka kwa futi mbili.

Hakuna aliyeshangilia. Baba mdogo alitazama chini, na nadhani alikuwa amejiandaa kushindwa. Mama wa Busawe aliniuliza swali moja.

“Umezidisha vizuri?”

“Nimezidisha mara mbili, mama.”

“Basi. Kama ni hesabu, ni hesabu.” Akawageukia vijana wake. “Kesho ng'oeni matimba.”

Matimba ni magogo yanayozuia kuta za duara zisiporomoke. Siku iliyofuata nilipita na ndoo yangu nikawaona wakiyavuta nje moja moja na kuyapanga juani, maana angalau hayo yangeuzika. Yeye alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la nguo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umesoma, mwanangu. Usiishie hapo, soma zaidi.”

Alisema kwa moyo mweupe. Jioni ile alishuka kilima na sikumwona tena.

Mwishoni mwa Aprili nilirudi Nyanungu. Mvua zilikuwa zimekolea na baba alihitaji msaada. Wiki ya kwanza ya Mei alinunua kamba mpya kwa ajili ya ndama wawili, na jioni nilimkuta akiitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuikandamiza kwa jiwe.

Lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Nililijua kabla sijajua kuhesabu hadi mia. Kamba mpya ya katani haifungwi shingoni mwa ndama kabla haijanyweshwa maji, kwa sababu ikifungwa kavu na mvua ikanyesha, itajivuta na kumkaba. Nikiwa na miaka sita nilikuwa nikitumwa kwenye mvua kwenda kulegeza kamba. Mtoto yeyote wa kwetu aliyelala usingizi ndama wakakabwa alichapwa, na mimi nilichapwa mara moja, sikurudia.

Nilisimama pale, kuni zikiwa kichwani.

“Baba, inajivuta kiasi gani?”

“Nini?”

“Hiyo kamba. Ikilowa, inapungua kiasi gani?”

Alifikiri, akanyoosha mikono yake yote miwili kama anayepima. “Kamba mpya? Vidole vinne kwa kila pima. Saa nyingine vitano. Kwa nini?”

Nilitua kuni. Kichwani nilikuwa nimekwisha kuona ya kwamba fundo la sitini na nne kule chini kwenye maji halikuwa futi ya sitini na nne. Fundi alikuwa amefunga mafundo kamba ikiwa kavu, juani. Kule chini ilijivuta, mafundo yakakaribiana, na mafundo mengi zaidi yakaingia katika njia ileile. Wanaume wale wawili walisema kweli, na majedwali yalisema kweli. Mimi nilichukua hesabu ya kamba iliyolowa, nikailinganisha na mpaka uliopimwa kwa chuma kikavu. Na kama wangetumia ile kamba kuukuu ya baba mdogo, iliyokwisha kulowa na kukauka mara mia, huenda tofauti isingekuwepo kabisa. Ule uangalifu wetu wa kutafuta kamba isiyo na upande ndio uliompa mtu mmoja ushindi.

Asubuhi nilichukua kipande cha kamba ileile ya baba kilichobaki bila kutumbukizwa, nikapima futi kumi kwa rula yangu ya shule, nikakiloweka hadi jioni, nikapima tena. Kilikuwa kimepungua inchi saba. Nikafanya hesabu upya, nikapata futi arobaini na sita na inchi mbili. Mama wa Busawe hakuwa ameufikia mpaka. Zilibaki inchi kumi. Aliyevuka alikuwa baba mdogo.

Nilimweleza baba huku akikamua. Aliendelea kukamua mpaka akamaliza ng'ombe yule.

“Kamba unaishika tangu una miaka mitano,” alisema hatimaye.

“Ndiyo, baba.”

“Na kule hukukumbuka.”

“Sikukumbuka. Nilidhani ile ni hesabu.”

Alinyanyua ndoo. “Huyo ni mdogo wangu, na ndiye aliyekusomesha. Sikuzuii, wala sikutumi.”

Nilikaa na maneno hayo siku nne. Ningeweza kujiambia kwamba inchi kumi si kitu, kwamba kipande changu cha kamba hakikutoka duka lile, kwamba huenda kamba ile ilijivuta kidogo kuliko hii. Niliyajaribu yote. Nilijaribu hata kufikiri kwamba mama wa Busawe amekwisha kuondoka na pengine ameanza maisha mengine. Kila hoja ilikuwa na nguvu mpaka nilipoiandika kwenye karatasi. Ikishaandikwa, ilionekana ni hoja ya mtu anayetafuta jibu alilokwisha kulichagua.

Mimi ni mpimaji wa ardhi. Nimeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini, katika mikoa mingi, na mara kwa mara mzazi hunijia na mtoto anayesita kuchagua hisabati ya juu akiniuliza itampeleka wapi. Huwa nawatajia kazi: uhandisi, upimaji, takwimu, utabiri wa hali ya hewa, ualimu ambao hauna walimu wa kutosha. Wanaridhika. Lakini ningekuwa na muda ningewaambia pia kwamba inaweza kumpeleka mbele ya watu wanaomwamini kuliko anavyostahili. Aliyekuwa akinibishia pembe za ng'ombe au siku ya kupanda mtama asingenibishia kosaini, na mama yule mwenye ulimi mwepesi, aliyemjibu kila mtu pale kilimani, hakuwa na jibu kwangu. Alikabidhi mali yake kwa zao la kuzidisha.

Chuoni, mwaka wa pili, tulifundishwa makosa ya kipimo. Mhadhiri alieleza kwamba kuna kosa linalopungua ukirudia kupima, kwa sababu mara hii huenda juu na mara nyingine chini, na kuna kosa ambalo kila unaporudia nalo linarudi vilevile. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, nikawasikia wale wanaume wawili wakipaza sauti kutoka shimoni, sitini na nne, sitini na nne, sitini na nne. Kurudia mara tatu kulikuwa kumenipa uhakika. Ukweli ulihitaji kitu kingine.

Kwa kuwa nakusudia kuishia kwenye barua niliyoandika, niseme kwanza yaliyofuata. Wazee walikutana tena. Walipima kwa waya wa chuma badala ya kamba, na ikaonekana mama wa Busawe alikuwa ndani ya mpaka wake kwa shubiri moja na kidogo. Baba mdogo aliziba njia yake bila kubisha. Mawe yaliyokuwa hayajasagwa yalirudishwa. Yaliyokwisha kupita kwenye karasha hayakurudishika, na hilo nimeishi nalo. Mama alirudi kilimani na matimba mapya. Kwa miaka miwili baba mdogo alinipokea kwake kama anavyopokewa mgeni, kwa kiti na soda, jambo ambalo kwa mtoto wa nyumbani ni adhabu. Baadaye alichoka, akaanza kunituma tena.

Mama wa Busawe aliniletea salamu kwa mdomo wa mpwa wake: “Mwambie huyo binti, hata mimi nilijua kamba ikilowa inafupika. Nilidhani hesabu nayo inajua.”

Barua niliiandika mara mbili, nakala moja nikabaki nayo. Ilipelekwa na mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa akienda kumtembelea dada yake karibu na kilima. Nainakili hapa ilivyo, ila nimeondoa majina.

*

Nyanungu,
15 Mei.

Kwa Wazee wa Ritongo,
Kupitia kwa Mwenyekiti wa Kitongoji.

Wazee wangu, shikamooni.

YAH: KUSAHIHISHA KIPIMO CHA TAREHE 9 APRILI

Mimi ni yule msichana mliyenipa kazi ya kupima mahali walipotobozana baba yangu mdogo na mama wa Busawe. Siku ile niliwaambia kwamba mama amevuka mpaka kwa futi mbili. Naandika kuwaambia kwamba nilikosea.

Watu walioshuka kupima hawakukosea, wala fundi. Kamba ilikuwa mpya na ilifungwa mafundo ikiwa kavu. Ilipoingia ndani ya duara ililowa, na kamba mpya ikilowa inajivuta, kama wazee wangu mnavyojua kwa kamba za ndama. Kwa hiyo mafundo sitini na nne kule chini hayakuwa futi sitini na nne. Nimejaribu hapa nyumbani kwa kamba ya aina ile, nikaona kila futi kumi zinapungua inchi saba. Nikiweka upungufu huo, umbali wa mama unakuwa futi arobaini na sita na inchi mbili, na mpaka ni futi arobaini na saba. Kwa hesabu hii mama hakuvuka. Aliyevuka ni baba yangu mdogo.

Sisemi kwamba hesabu hii ya sasa ndiyo ya mwisho, kwa sababu kipande nilichojaribu si ile kamba yenyewe. Naomba mpime upya. Msitumie kamba ya katani, mpya wala kuukuu. Tumieni waya wa chuma, na fundi apime waya huo baada ya kutolewa shimoni, si kabla ya kuingizwa. Pembe ibaki nyuzi arobaini, hiyo haikuguswa na maji.

Naomba pia mawe ya mahali pale yasisagwe mpaka hapo mtakapoamua, na mama apelekewe habari Busawe ili awepo yeye mwenyewe. Mpwa wake anajua nyumbani kwake.

Baba yangu mdogo hajui kwamba nimeandika. Nitamwambia mwenyewe wiki hii, kabla barua hii haijasomwa mbele ya watu, kwa hiyo naomba isisomwe kabla ya Jumapili. Hakunidanganya wala hakunituma. Alikubali kipimo changu kama ninyi mlivyokubali.

Mkiniita nitakuja, na yeyote mwenye swali ataniuliza mimi. Najua si desturi msichana kusimama pale mara mbili.

Mtoto wenu niliyepima.